Makaburi ya kale katikati ya mji: yasomeni kabla ya kuyafyeka

Msomaji mmoja, mjumbe wa kamati ya mtaa wake, ameniandikia hivi: "Katikati ya mji wetu kuna makaburi ya zamani ambako hawazikwi tena watu. Mawe yameinama, majani yamejaa, na kaburi moja kubwa limepasuliwa na mti. Kamati imegawanyika. Wapo wanaotaka pasafishwe, mawe yaegemezwe ukutani, pawe bustani. Wapo wanaosema wafu waachwe wapumzike na lango lifungwe. Je, kuna cha maana pale cha kutunza? Na kama kipo, tuanzie wapi? Ule mti je, tuukate?"

Ndugu yangu, kipo, tena ni kingi kuliko mnavyodhani. Lakini nikuambie bila kuficha: kila upande wa kamati yenu, ukiachiwa ufanye unavyotaka, utayamaliza makaburi hayo. Wa kwanza utayamaliza kwa wiki moja, kwa nia njema kabisa na mapanga yaliyonolewa. Wa pili utayamaliza taratibu, maana lango likifungwa watu husahau njia ya kwenda, na pasipo na mwenye kwenda hapana mwenye kutetea. Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu nikitunza mawe ya makaburi, na sijawahi kuona makaburi ya mjini yaliyookolewa na kufuli.

Kwanza tuelewe kwa nini yako hapo yalipo. Miji mingi ilizika pembeni, halafu ikakua, ikayafikia makaburi na kuyameza. Paris ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Makaburi ya Saints-Innocents yalizikiwa kwa karne nyingi, mashimo ya pamoja juu ya mashimo ya pamoja, hadi udongo ukapanda kupita usawa wa barabara. Mwaka 1780 ukuta wa ghala la chini ya nyumba ya jirani ulibomoka na mabaki ya maiti yakamwagikia ndani. Makaburi yakafungwa. Miaka michache baadaye mifupa ikaanza kuhamishwa usiku kwa mikokoteni hadi kwenye machimbo ya zamani ya mawe chini ya mji, ambako leo kuna mabaki ya watu zaidi ya milioni 6. Mwaka 1804 sheria mpya ikakataza kuzika ndani ya miji ya Ufaransa na kutaka kila maiti awe na shimo lake, na mwaka huohuo makaburi ya Père-Lachaise yakafunguliwa juu ya kilima nje ya mji. Mwanzoni wenyeji hawakuyataka, waliona ni mbali. Ndipo mwaka 1817 yakahamishiwa huko mabaki yanayosemekana kuwa ya waandishi Molière na La Fontaine, pamoja na wapenzi wa kale Abélard na Héloïse, na baada ya hapo kila mwenye jina akatamani kulala jirani nao. London nayo, viwanja vya makanisa vilipofurika, ilizungukwa na makaburi makubwa saba yaliyofunguliwa kati ya 1833 na 1841, Highgate na Kensal Green yakiwamo.

Kuna jambo katika historia hiyo linalowahusu hasa ninyi mnaovutana kati ya bustani na makaburi. Mwaka 1831 daktari Jacob Bigelow na wenzake wa chama cha wapenda bustani walianzisha Mount Auburn karibu na Boston, Marekani: vilima, mabwawa, njia za kujipinda, miti ya kila aina, na makaburi katikati yake. Miaka saba baadaye Brooklyn ikapata Green-Wood ya namna hiyohiyo. Watu walimiminika. Hawakuwa na bustani ya umma ya kupumzikia, kwa hiyo walikwenda na watoto wao kutembea kati ya wafu. Mwaka 1849 mtaalamu wa bustani Andrew Jackson Downing aliandika kwamba umati ule ni ushahidi tosha kuwa miji inahitaji bustani zake, na haikupita miaka kumi New York ikaanza kujenga Central Park. Bustani ya umma mnayoitamani, kwa sehemu kubwa, ilizaliwa makaburini. Hamlazimiki kuchagua.

Sasa tuje kwenye mawe yenyewe, maana hapa ndipo watu hupita bila kuona. Istanbul, chini ya miberoshi ya Eyüp na Karacaahmet, jiwe la mwanamume wa zama za Waothmani limevikwa kilemba cha jiwe. Umbo la kilemba linakueleza cheo na kazi yake: huyu alikuwa mwanachuoni, yule afisa, yule mtu wa tarika. Mwaka 1829 Sultani Mahmud II aliwaamuru watumishi wa serikali wavae tarbushi, na mawe nayo yakabadili mavazi. Ukitembea polepole kati ya safu unaona kabisa vilemba vinapungua na tarbushi zinaingia. Wanawake wamechongewa maua. Na chini, kwa herufi za Kiarabu zilizonakshiwa, jiwe linamwomba mpita njia amsomee marehemu Fatiha. Nguvu ya mawe hayo watawala waliijua vizuri: Mahmud huyohuyo alipolivunja jeshi la Majanisari mwaka 1826, kofia za mawe juu ya makaburi yao nazo zilivunjwa.

Prague kuna makaburi ya kale ya Wayahudi ambayo jiwe lake kongwe ni la 1439, na maziko yalikoma 1787. Nafasi ilikuwa finyu na dini yao haipendi maiti asumbuliwe, hivyo walileta udongo wakazika juu ya waliotangulia, mahali pengine hadi tabaka 12, na kila mara mawe ya chini yakapandishwa juu. Ndiyo sababu leo mawe yapatayo 12,000 yamebanana pale, yameegemeana, yamelaliana. Viganja viwili vilivyochongwa vinakuambia marehemu ni wa ukoo wa makuhani. Birika linakuambia ni Mlawi. Ila hata asiyejua alama moja anaisoma habari kuu kutoka kwenye ule mbanano wenyewe. Mtu angeyapanga mawe yale kwa mistari iliyonyooka angekuwa amefuta historia ya jamii nzima bila kuvunja hata jiwe moja.

Alama nyingine mtazikuta sehemu nyingi. Nguzo iliyokatika ni maisha yaliyokatizwa kabla ya wakati. Mwenge uliopinduliwa, saa ya mchanga yenye mabawa, mwanakondoo juu ya kaburi la mtoto. Mikono miwili iliyoshikana mkiikuta, tazameni vifundo vya mikono: mara nyingi mmoja una mkono wa shati la kiume na mwingine una lesi. Ni mume na mke, na mmoja ametangulia.

Siwezi kuzungumzia sanaa ya makaburi bila kumtaja Caterina Campodonico wa Genoa, Italia. Makaburi ya Staglieno, yaliyofunguliwa 1851, yamejaa malaika na matajiri wa marumaru. Caterina hakuwa tajiri. Alikuwa mchuuzi wa kokwa za hazeli na vimkate vya duara, akizunguka kwenye sherehe na magulio, mvua na jua. Alidunduliza fedha yake, na mwaka 1881, akiwa hai, akamlipa mchongaji Lorenzo Orengo, ambaye wateja wake walikuwa wakubwa wa mji, amchonge yeye. Mwaka uliofuata akafariki. Leo amesimama pale kwa ukubwa wa mtu kamili, ukingo wa aproni yake umedariziwa, shali ina mashada, sura ni ya mwanamke aliyefanya kazi maisha yake yote na hakutaka kupunguziwa hata kunyanzi moja. Mikononi ameshika biashara yake: kokwa zilizotungwa kwenye uzi mrefu, na vimkate. Chini kuna shairi katika lugha ya Genoa linalosimulia jinsi alivyouza bidhaa zake ili apate kumbukumbu hii, na kuwaomba wapitao wamwombee amani. Mamilionea wengi wamelala jirani yake na watu wanawapita kumtafuta yeye. Mchoro wowote wa kizamani kwenye makaburi yenu, hata ukiwa umechongwa kwa mkono usio na ustadi, kuna mtu aliuwekea akiba namna hiyo.

Nikupe na mfano kutoka kazini kwangu. Kulikuwa na jiwe dogo laini, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, limelika hata kwenye daftari la pale liliandikwa "halisomeki". Jua lilikuwa linalipiga usoni, na mwanga wa usoni hufuta kila kitu. Nilimwomba mwenzangu ashike kioo kikubwa, aurushe mwanga uje kutoka ubavuni, utambae juu ya uso wa jiwe. Vivuli viliingia kwenye mikwaruzo na herufi zikasimama. Jina halikuwapo tena. Lilikuwapo ua, chipukizi la waridi lenye bua lililovunjika, na chini yake maneno: miezi mitano. Tukahamishia kioo jiwe la kushoto, kisha la kulia. Ukoo mmoja, watoto 3, tarehe zote ndani ya siku 11. Safu ya nyuma ilikuwa na watoto wengine, wa koo nyingine, mwezi uleule. Hapo tulikuwa tumeacha kusoma jiwe moja. Tulikuwa tunasoma jinsi maradhi yalivyopita mtaani, nyumba kwa nyumba. Nilinyamaza kwa muda mrefu jioni ile. Jiwe lile lingekuwa limeng'olewa na kuegemezwa ukutani pamoja na mengine, lingebaki kipande cha mwamba chenye ua.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa wale wanaotaka mawe yaegemezwe ukutani ni hili: msiguse. Jiwe la kaburi lina maana mbili, ile iliyoandikwa juu yake na ile ya mahali liliposimama. Ya pili ikipotea hairudi. London, uwanja wa kanisa la kale la St Pancras, reli ilipopita katika miaka ya 1860 makaburi yalifukuliwa, na mamia ya mawe yakaishia kupangwa mduara, yamebanana kuzunguka mti. Watu walikuja kupiga picha jinsi mizizi ilivyoyakumbatia. Ni picha nzuri kweli, lakini hakuna jiwe hata moja pale linaloweza kukuonyesha mtu wake yuko wapi. Desemba 2022 mti wenyewe ukaanguka.

Na sehemu isiyo na mawe msidhani ni tupu. Mwaka 1991, New York ikichimba msingi wa jengo la serikali, wafanyakazi walikuta mifupa. Walikuwa wamefika kwenye makaburi ya Waafrika, wengi wao watumwa, waliozikwa nje ya mipaka ya mji hadi mwaka 1794; inakadiriwa ni watu 15,000. Ramani za zamani ziliyaonyesha, ila mji ulikuwa umejenga juu yake na kusahau. Uchimbaji uliendelea hadi wazao wa watu wale walipopaza sauti na kusimama kidete, ukasimamishwa. Mabaki ya watu 419 yalikuwa yameshatolewa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Howard, wakiongozwa na Michael Blakey, waliyachunguza kwa heshima: wakakuta mifupa iliyoumia kwa kubeba mizigo kupita kiasi, watoto wengi mno, na mwanamke mmoja aliyezikwa na shanga zake kiunoni. Mtu aliyenyang'anywa karibu kila kitu, na waliomzika walihakikisha anaondoka na shanga zake. Oktoba 2003 walizikwa upya palepale, na mwaka 2006 mahali hapo pakatangazwa kuwa mnara wa taifa. Kwenye makaburi yenu tafuteni zile pembe ambazo hazina hata jiwe. Maskini, wageni, wafungwa na watoto wachanga huwekwa pembeni karibu kila mahali, na kumbukumbu yao ndiyo ya kwanza kukanyagwa.

Kuhusu wale wanaosema lango lifungwe, nawaelewa. Wanachotetea ni heshima. Lakini heshima imeishi na watu makaburini siku zote. Cairo, kwenye Qarafa, makaburi makubwa ya kale ya mji huo, ndipo alipozikwa Imamu Shafii mwaka 820, chini ya kuba lililojengwa 1211, na watu wameishi kati ya makaburi yale kwa vizazi: watunzaji, wasomaji Kurani, mafundi, familia nzima. Kilichoyaumiza makaburi hayo katika miaka ya karibuni ni barabara mpya zilizobomoa sehemu zake tangu 2020. Na waliosimama kulia, kupiga picha na kunakili maandishi kabla tingatinga halijafika ni wale waliokuwa na mazoea ya kwenda. Paris, kwenye ukuta wa Père-Lachaise ambapo wapiganaji 147 wa Komuni, uasi wa wenyeji wa Paris, walipigwa risasi Mei 28, 1871, watu hukusanyika kila mwaka, na ukuta ule umebaki.

Wageni wana madhara yao, sikatai. Kaburi la mwandishi Oscar Wilde huko Père-Lachaise, sanamu iliyochongwa na Jacob Epstein, lilibusiwa na midomo yenye rangi hadi mafuta ya lipstiki yakaanza kuila mawe, na mwaka 2011 likazungushiwa kioo. New Orleans, makaburi ya St. Louis namba 1 yaliharibiwa mara kwa mara, na tangu 2015 wageni huingia wakiwa na kiongozi aliyesajiliwa. Hatua za namna hiyo zinatosha. Wekeni saa za kufungua, mtu wa langoni, na njia iliyo wazi ili watu wasikanyage makaburi. Wenye ndugu zao pale wapewe neno la kwanza katika kila jambo.

Viumbe wengine nao wamo. Vienna, kwenye makaburi makuu yaliyofunguliwa 1874 na yenye maiti wapatao milioni 3, kuna hamsta wa porini, wanyama wadogo wa jamii ya panya, wanaoingia kwenye taa za makaburi kula nta ya mishumaa. Père-Lachaise, baada ya kuacha dawa za kuua magugu, vitoto vya mbweha vilionekana mwaka 2020. Kwenye lango la Green-Wood kasuku wa kijani wamejenga viota vikubwa kama magunia. Sababu ni rahisi: mahali pasipolimwa wala kujengwa kwa miaka 150 ni adimu mjini. Hata yale madoa ya kijivu na manjano juu ya mawe, likeni, ni viumbe hai. Nyingine hutanuka chini ya milimita moja kwa mwaka. Doa la ukubwa wa kiganja huenda lilianza kabla babu yako hajazaliwa.

Basi kazi yenyewe. Anzeni na karatasi, mapanga yasubiri. Kila jiwe lipewe namba, lipigwe picha mbele na nyuma, liwekwe kwenye ramani pamoja na upande linaotazama. Maandishi yanakiliwe kama yalivyo, makosa ya fundi yakiwamo. Fanyeni wawiliwawili, mmoja asome kwa sauti na mwingine aandike. Tafuteni daftari la maziko mahali popote linapoweza kuwa, na kaeni na wazee kabla hawajaondoka na wanachokijua. Singapore, barabara ilipopitishwa Bukit Brown, makaburi zaidi ya 3,700 yaliandikwa na kupigwa picha kabla ya kufukuliwa, na watu wa kujitolea waliowaongoza wageni pale waliwafanya wengi wayajue makaburi hayo kwa mara ya kwanza. Barabara ilipita, ndiyo, lakini majina hayakupotea nayo.

Kusafisha kuje baadaye, na kuwe kidogo. Maji safi na brashi laini, kuanzia chini kupanda juu ili uchafu usiache michirizi. Jiki, asidi, brashi ya waya, msasa na mashine ya maji ya presha visikaribie. Nimeona kikundi kimoja kikipaka mawe yote klorini kwa ajili ya sherehe. Yalimeremeta kwa miezi michache, halafu chumvi iliyobaki ndani ikaanza kuunda fuwele na kuusukuma uso wa jiwe utoke magamba, herufi zikienda nayo. Marumaru iliyochoka huwa kama sukari. Ukiisugua inakutoka mkononi. Likeni ziacheni, isipokuwa zimefunika maandishi na yupo mtaalamu wa kuwasaidia.

Jiwe lililoinama kidogo na halitikisiki liacheni liiname. Linalohatarisha watu lilazeni chali juu ya mbao, palepale pake. Mkijenga upya tumieni chokaa na mchanga. Saruji ni ngumu kuliko mawe mengi ya kale na hufungia maji ndani, kwa hiyo ukuta ukicheza kinachopasuka ni jiwe na saruji inabaki. Majani fyekeni njiani na kando ya makaburi, kwa mkono karibu na mawe, maana mashine ya uzi huyachubua. Pembe moja mbili ziacheni zitoe maua na mbegu.

Na ule mti. Ukiwa mche, ukateni chini kabisa na msiung'oe, maana mizizi ikivutwa hutoka na mawe iliyoyashika. Lakini umesema ni mkubwa, na umeshalipasua kaburi. Basi inawezekana kwamba sasa ndio unaolishikilia. Mleteni mtu anayeijua miti aupime kabla hamjaamua lolote. Vipande vilivyoanguka vipeni namba na kuviweka karibu. Highgate walikuwa na mwerezi wa Lebanoni ulioyatangulia makaburi. Wajenzi wa 1839 waliuzungushia makaburi duara kamili, ukabaki juu yake kama taji kwa miaka 180. Ulipougua na kuwa hatari waliukata, mwaka 2019, na wakapanda mche wa mwerezi palepale.